Bi Suhaila na Wimbo Ulioozea Kwenye Mkanda

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Mlioko Rexdale, mlioko Downsview, mlioko njiani mnatoka kazini na miguu inauma, karibuni tukae pamoja. Mimi ni Aurore Nimbona. Leo sina salamu nyingi za kusoma. Leo tunamkumbuka mtu mmoja tu.

Tunamkumbuka Bi Suhaila Alimohamed. Alifariki Alhamisi iliyopita nyumbani kwake Richmond Hill, akazikwa Ijumaa. Amemwacha mume wake, Mzee Anverali, na binti yao mmoja, Nida.

Najua wengine mnajiuliza, Suhaila yupi? Hakuwa mtu wa majukwaa. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine juu ya mtandio, na kila mara alikuwa anaitafuta ya tatu. Aliwahi kuja hapa studioni. Badala ya kukaa kwenye kiti aligonga ukuta kwa kidole, akasikiliza, akaniambia, "Mwanangu, chumba chenu hiki kina mwangwi. Tundikeni hata blanketi." Tukatundika blanketi. Lipo hadi leo, nyuma yangu hapa.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza filamu za zamani. Narudia, kwa sababu wengi wetu hatukujua kama kuna kazi ya namna hiyo. Zile filamu za mikanda, zilizopigwa kabla ya simu zetu hizi, huzeeka. Huoza. Bi Suhaila alizisafisha, akaunganisha palipokatika, akazihamishia kwenye kompyuta kabla hazijafa kabisa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake tangu ujana mpaka mwaka jana.

Alizaliwa Bukoba. Baba yake, Alimohamed, alikuwa na studio ya picha karibu na soko. Suhaila alikulia kwenye chumba cha giza, akimwona baba yake akiziosha picha kwenye maji mpaka sura za watu zinajitokeza. Familia ilihamia Toronto akiwa msichana. Kazi yake ya kwanza aliipata kwenye maabara moja ya filamu mjini. Maabara ilipofungwa, alinunua mashine mbili kuukuu, akakodi chumba Downsview, katikati ya maghala, mlango kwa mlango na kiwanda cha magodoro. Hapo ndipo alipofanyia kazi.

Na hapo ndipo habari yetu ya leo inapoanzia. Inaanza na Gaspard.

Gaspard ni ndugu yetu kutoka Uvira. Alikuwa anafanya kazi kwenye ghala lililo upande wa pili wa ua. Walikuwa wanasalimiana na Bi Suhaila kwa Kiswahili asubuhi, basi. Siku moja ya kiangazi, ghala likawa linasafishwa, vitu vya zamani vinatupwa. Nimemwomba Gaspard anisimulie mwenyewe, na haya ni maneno yake.

"Nilifungua kona moja, nikakuta mikebe ya bati, mviringo, imejaa. Nikasikia harufu ya vinegre. Kali sana. Chef akasema, tia kwa poubelle. Nikamwambia, weye ngoja kwanza, kuko mama mmoja hapa jirani anapendaka vitu kama hivi."

Chef ndiye bosi, poubelle ni pipa la taka, na vinegre ndiyo siki, wasikilizaji. Filamu ikianza kuoza hunuka siki. Bi Suhaila alipofika na kusikia ile harufu, Gaspard anasema alishika kichwa kama mtu aliyepewa habari ya msiba. Gaspard akamwuliza, "Mama, hii takataka inakuuma kwa nini?" Akajibu, "Humu ndani mna watu."

Kweli walikuwamo. Walikuwa Wainuit.

Wainuit ni wenyeji wa kaskazini kabisa ya nchi hii tunayoishi, kule ambako bahari huganda na jua hupotea kwa majuma mengi. Wengi wetu tumekaa Kanada miaka na miaka bila kukutana na Mwinuit hata mmoja. Watu wageni waliwapiga picha kwa muda mrefu sana. Wakawaonyesha kwenye sinema wakitabasamu, wakila nyama mbichi, wakijenga nyumba ya theluji, na maneno yao hayakusikika. Maneno yalikuwa ya mtangazaji, mtu kama mimi, aliyekaa mbali na kuwasemea.

Mikanda ile ya Downsview ilikuwa tofauti. Kijiji chenyewe kiliitengeneza. Zaidi ya miaka arobaini iliyopita, watu wa kijiji kidogo katika Kisiwa cha Baffin walishika kamera wao wenyewe, ili watoto wao waone maisha yao kwenye televisheni, kwa lugha yao, Kiinuktitut. Filamu ikatumwa huku kusini kunakiliwa. Kampuni iliyoipokea ikafa. Mikebe ikahamishwa kutoka ghala hadi ghala, ikakaa kwenye joto, ikasahauliwa.

Bi Suhaila aliichukua. Hakuna aliyemtuma.

Picha zilikuwa na majeraha, ila zilipona. Mzee Anverali aliniambia mkewe alikuwa akirudi nyumbani na kumsimulia mezani alichokiona siku hiyo, kama mtu anayesimulia majirani. "Leo wamemkamata sili, mnyama wa bahari yao ya baridi. Leo bibi mmoja amelainisha ngozi kwa meno, ashone viatu. Leo wanawake wawili wamesimama uso kwa uso wanaimba kwa koo, mpaka mmoja akashindwa akacheka." Na kulikuwa na mwanamke mmoja ambaye Bi Suhaila alimrudia kila mara. Kijana, amekaa ndani ya hema, pembeni ya taa ya jiwe inayowaka mafuta ya sili. Amevaa vazi lao liitwalo amauti, lenye kofia kubwa mgongoni, na ndani ya kofia hiyo mna mtoto. Mwanamke anageuza kichwa begani, anamwambia mtoto kitu. Midomo inacheza. Mtoto anacheka.

Bi Suhaila alituma picha ya mwanamke huyo kijijini, kuuliza kama kuna anayemjua. Simu ikapigwa kabla siku haijaisha. Aliyepiga ni mama mmoja anaitwa Leetia. Walizungumza Kiingereza, nawaletea kwa Kiswahili kama Mzee Anverali alivyonisimulia.

Leetia akasema, "Huyo ni mama yangu, Ulayu. Na huyo mtoto ni mimi."

Bi Suhaila akamwambia, "Mama yako ni mzuri sana."

Leetia akasema, "Alikufa nikiwa bado sijajifunza kuongea vizuri. Sikumbuki sauti yake. Anasema nini hapo?"

Wasikilizaji wapendwa, hapo kuna jambo lazima nilieleze. Kwao, mtoto mdogo hutungiwa wimbo wake. Ni wimbo mfupi wa kumbembeleza na kumsifu, na ni wa mtoto huyo tu. Mwingine haimbiwi. Wazee walimwambia Leetia tangu utotoni kwamba mama yake alimtungia wimbo, na kwamba uliimbwa mbele ya kamera. Aliyekuwa anaujua alikuwa Ulayu peke yake. Kwa hiyo wimbo ule ulibaki mahali pamoja tu duniani, kwenye mkanda wa sauti uliokuwa Downsview.

Na mkanda wa sauti ulikuwa mgonjwa kuliko wa picha.

Zamani hizo picha ilikuwa na mkanda wake na sauti ilikuwa na mkanda wake. Wa sauti una unga wa chuma juu yake, na chuma huharakisha kuoza. Bi Suhaila aliupata umekunjamana, umeshikana, na sehemu ya katikati imekuwa ngumu kama ubao. Alifanikiwa kusikiliza mwanzo. Mbwa wanabweka. Mtu anakohoa. Mwanamume anacheka kwa mbali. Halafu unafika kwenye ubao.

Alijaribu kusoma midomo. Akatafuta wazee wa Kiinuktitut wamsaidie. Haikuwezekana, kwa sababu Ulayu amegeuza uso begani na nusu ya mdomo haionekani.

Mwaka uliofuata Leetia alisafiri kuja Toronto, ndege juu ya ndege, akafikia Richmond Hill kwa Mzee Anverali. Alileta samaki wa kwao, aliyegandishwa, amefungwa kwenye gazeti. Mzee anacheka akisimulia. "Mimi nikachukua kisu, nikakwangua ngozi nione kama ana magamba, maana sisi kwa madhehebu yetu samaki asiye na magamba hatuli. Mke wangu akanikanyaga mguu chini ya meza. Magamba yapo, madogo sana! Nikasema alhamdulillahi, tukapika." Leetia alikula wali wa nazi, akaomba tena. Joto la Julai lilimtesa. Alikaa mbele ya friji lililo wazi na Mzee hakuthubutu kumwambia alifunge.

Kesho yake walikwenda Downsview. Walikuwa Bi Suhaila, Leetia, Mzee Anverali, na Gaspard aliyekuja wakati wa mapumziko yake. Bi Suhaila hakumficha mgeni wake kitu.

Akamwambia, "Kuna dawa ya mvuke inayoweza kuulainisha mkanda. Tukijaribu, unaweza kufunguka. Au unaweza kuisha kabisa. Tunaweza pia kuuacha kama ulivyo. Labda siku moja watu watapata njia bora."

Leetia akauliza, "Tukiuacha, utatusubiri?"

"Hapana. Unaoza hata sasa tunavyozungumza."

"Basi jaribu."

Bi Suhaila akamtazama mumewe. Mzee Anverali anasimulia. "Mimi ni mtu wa kuuza vipuri vya magari, Bi Aurore. Nikaenda kusimama mlangoni."

Alifanya taratibu. Aliuweka kwenye mvuke, akangoja, akaupitisha kwenye mashine kwa mikono yake, kidogo kidogo, kama mtu anayemvua mtoto bandeji. Sehemu ngumu ikaanza kuachia. Gaspard anasema Leetia alisimama. Kwenye spika kukasikika muungurumo, kisha taa ya jiwe ikilia taratibu, kisha pumzi. Pumzi ya mwanamke. Mwanamke anavuta hewa, kama unavyovuta hewa kabla ya kuanza kuimba.

Halafu mkanda ukavunjika.

Haukukatika mahali pamoja. Ulisambaratika wote. Unga mweusi ukabaki kwenye vidole vya Bi Suhaila, vipande vikadondoka juu ya meza, na vingine, alipovigusa tu, vikawa vumbi. Gaspard alipiga magoti sakafuni kuviokota. Bi Suhaila akamwambia kwa Kiswahili, "Acha, baba. Hakuna tena."

Wimbo ulikuwa umekwisha. Nasema tena ili ieleweke. Wimbo wa Leetia ulikuwa umekwisha, na hakuna mtu wala mashine ya kuurudisha.

Bi Suhaila alianza kuomba radhi, mara moja, mara mbili, mara nyingi, mpaka Leetia akamshika mkono uliojaa vumbi lile. Akasema neno moja la kwao, "Ajurnarmat." Maana yake ni kama kusema haiwezekani, hakuna la kufanya. Kisha akauliza, "Ile pumzi ipo?"

Ile pumzi ilikuwa imeshaingia kwenye kompyuta. Akaomba aisikie. Akaisikia. Akaomba tena. Mzee Anverali anasema Bi Suhaila alivuta kiti, wakakaa mle ndani muda mrefu, wanawake wawili, wakisikiliza mwanamke wa tatu anavuta hewa. Gaspard alichelewa kurudi kazini, akagombezwa na bosi wake, hakujali. Nilimwuliza kwa nini alikaa. Akanijibu hivi.

"Miye mama yangu alibaki Uvira. Sina picha yake, sina sauti, sina kitu. Nilitaka kuona kama mtu mwingine atapata."

Baada ya hapo filamu ilihitaji pa kuonyeshwa. Kuna kampuni moja ya televisheni hapa mjini, sitaitaja jina, ilipenda sana picha zile. Ila ilisema filamu isiyo na sauti watazamaji wataihama. Bwana mmoja wa kampuni hiyo akapendekeza atafutwe mwimbaji kijana, aimbe wimbo wa kubembeleza unaofanana, uwekwe juu ya midomo ya Ulayu. Akasema hakuna atakayejua.

Bi Suhaila alimpigia Leetia, kwa sababu hakutaka kumwamulia mwenye wimbo. Leetia akajibu, "Wimbo ule ni wangu. Wakimwekea mama yangu wimbo mwingine mdomoni, mtoto mgongoni atakuwa nani?"

Bi Suhaila akaikatalia ile kampuni. Filamu haikuonyeshwa kwenye televisheni. Haijaonyeshwa mpaka leo. Nida, binti yake, anasema mama yake hakujivunia hata kidogo. Nida amezaliwa hapa, anaelewa Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza, kwa hiyo nawatafsiria. "Mum alikuwa anakaa jikoni anasema, wageni waliwapiga picha miaka yote bila maneno. Wao wakajifanyia filamu yao yenye maneno. Sasa mimi ndiye ninayewarudishia bila maneno. Nilimwambia haikuwa kosa lako. Alisema anajua. Haikumsaidia."

Mwezi wa nne mwaka jana aliipeleka filamu kijijini mwenyewe. Ilionyeshwa kwenye ukumbi wa jumuiya, watu wamekaa sakafuni na kwenye viti vya plastiki. Watoto walicheka wakiona babu zao wakiwa vijana. Mzee mmoja alimwona mbwa wake wa zamani, akamwita kwa jina. Watu waliwatajia wenzao kwa sauti nani ni nani, nani bado yupo, nani hayupo. Ulayu alipotokea, watu wakasogea mbele. Akageuza kichwa begani. Midomo ikacheza. Hakuna kilichosikika.

Filamu ilipokwisha, wazee waliulizwa kama kuna anayekumbuka hata neno moja la wimbo ule. Bibi mmoja akasema ulianza na neno la kumwita mtoto ndege mdogo. Bibi mwingine akasema sivyo, huyo alikuwa mtoto wa mtu mwingine. Wakabishana kwa heshima, kisha wakaacha. Leetia alikuwa amekaa mbele, mikono mapajani. Bi Suhaila alikuwa kando yake. Alimwambia Nida aliporudi, "Nilikaa pale kama mgeni aliyebeba sahani, na ndani hamna kitu, na watu bado wananishukuru."

Aliporudi alianza kulalamika mgongo. Wakadhani ni safari. Haikuwa safari. Ilikuwa saratani ya kongosho, na ilikuwa imeshaenda mbali. Mzee Anverali alimpeleka kwa daktari wa kwanza, wa pili, na wa tatu. Wote walikuwa watu wema, wote walisema jambo lile lile. Nida aliacha kazi kwa muda ili awe karibu. Anasema, "Nilikuwa nasoma kila kitu kuhusu ugonjwa ule. Nikamwendea daktari na maswali. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza kama nimelala usiku."

Karakana ya Downsview ilifungwa. Gaspard na Mzee Anverali walizibeba mashine. Gaspard aliendelea kuja Richmond Hill kila Jumapili baada ya kanisa. Anasema hakuwa na la kufanya pale, alikuwa anakaa tu. Bi Suhaila alikuwa akimwuliza habari za watoto wake, anasinzia kabla hajajibiwa, anaamka anamwuliza tena. Gaspard alijibu kila mara kama ni mara ya kwanza.

Alhamisi asubuhi alifariki. Mzee Anverali alikuwa anampa maji kwa kijiko. "Alikunywa funda moja," anasema. "La pili likatoka pembeni ya mdomo. Nikalipangusa. Nikachota la tatu. Nida akanishika mkono."

Leetia alitaka kuja kuzika. Kulikuwa na dhoruba ya theluji na ndege hazikuruka. Hata zingeruka asingewahi, kwa sababu Waislamu hawachelewi kuzika. Alikaa kwenye uwanja mdogo wa ndege wa kwao siku nzima na begi lake, kisha akarudi nyumbani.

Jumatatu alipiga simu. Mzee Anverali alipokea, akashindwa kuzungumza, akampa Nida. Leetia alimwambia kwamba mjukuu wake wa kike alikuwa amezaliwa Jumapili, na kwamba wamempa jina la Suhaila. Kwa Wainuit hilo si jambo dogo. Mtu akifa, jina lake hupewa mtoto anayezaliwa, na mtoto huyo huwa ndugu wa wale aliowaacha marehemu. Leetia akasema, "Kwa desturi yetu, wewe unaweza kumwita mama. Na yeye akikua atakuita binti yangu."

Nilimwuliza Nida alijibu nini. Akanieleza. "Mama yangu tumemzika Ijumaa. Halafu kuna mtoto wa siku moja, mahali ambapo sijawahi kufika, na naambiwa ni yeye. Leetia akaniuliza, jina linatamkwaje? Nikalitamka. Nikawasikia watu chumbani kule wakilirudia, wote pamoja, wakakosea. Nikalitamka tena. Wakakosea tena. Sikuweza kuendelea, na sikuweza kukata simu."

Wasikilizaji wapendwa, kwa Mzee Anverali, kwa Nida, kwa jamaa wote wa Richmond Hill na wale wa Bukoba, tunasema poleni sana. Gaspard, pole, ndugu yangu. Mama Leetia, hutuelewi tunavyosema, lakini pole nawe, na hongera kwa mjukuu. Mwenyezi Mungu ampokee Bi Suhaila.

Nina jambo moja tu la kuwaachia mlifikirie. Kwenye mazishi nilisikia watu wakisema Bi Suhaila aliuokoa wimbo wa Wainuit. Walisema kwa nia njema. Hakuuokoa. Alijaribu, ukamvunjikia mikononi, na mwenye wimbo akiwa amekaa hapo hapo mbele yake. Kisha akavuta kiti, akakaa naye. Kila mmoja wetu ana mtu ambaye hawezi kumsaidia tena, hospitalini, nyumbani, au kule tulikotoka. Tuulizane jioni hii, je, tunaweza angalau kuvuta kiti?